Mama Mkwe, Mimi na Mashine ya Alizeti

Tangu nirudi, kila nikipita pale kwa fundi baiskeli Utemini, hapa Singida, mnanisimamisha. "Mzee Ntandu, hebu kaa utueleze ilikuwaje." Nikifika nusu ya habari anatokea mwingine anataka nianze mwanzo. Nimechoka kuanza mwanzo. Nimenunua daftari, nimekaa chini ya bati langu nililoezeka kwa jasho langu, na ninaandika yote mara moja. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini barua zangu sijawahi kuandikiwa na mtu.

Wengine mnasema nina hirizi, wengine mnasema nina nyota ya jaha, nikisukumwa naangukia kwenye nyasi. Sikatai. Nimesukumwa sana maishani na mifupa yangu yote ni mizima. Lakini nyota haiinui kasha lenye chuma. Nyota inataka mtu wa kuifuata, na mtu huyo awe mimi.

Jambo lenyewe mnalijua. Tangu biashara iwe ruksa, malori ya wanunuzi yanafika Unyambwa kila mavuno na kuzoa alizeti yote kwenda kukamuliwa mbali. Baadaye tunayakuta mafuta yake dukani, ndani ya chupa yenye picha ya ua, kana kwamba ua hilo hatulijui. Mwaka huu nilikwenda kwa kina mama wa pale, kwa Mama Zaituni, yule mjane ambaye wenzake wakitaka kuamua jambo humtazama yeye kwanza. Nikawaambia, "Msiuze. Lori linakuja Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo nitakuwa hapa na mashine ya kukamulia. Nisipofika, uzeni, na mimi msinisalimie tena."

Mama Zaituni akasema, "Tutakusalimia tu, Mzee Ntandu. Ila hatutakusikiliza."

Neno hilo nilikwenda nalo Dar es Salaam na kurudi nalo.

Kutoka Dar es Salaam

Habari za kuinunua mashine naziacha. Ni mashine ya mkono, msicheke, ina chuma kirefu cha kusukuma juu na chini kama mtu anayepampu maji. Kwa sababu ya chuma hicho, fundi aliitengenezea kasha refu, jembamba, la mbao nyeupe.

Pale stesheni, Alhamisi jioni, mpagazi alilitazama lile kasha, akanitazama na mimi nilivyokuwa na vumbi na macho mekundu, akavua kofia. "Pole sana mzee. Ni mtoto?"

Nikajua anadhani nimebeba jeneza. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Wakalibeba wanne, polepole, wakaliweka kwenye behewa la mizigo bila kuligongesha hata kwenye mlango, na juu yake hawakuweka kitu. Masanduku ya wenzangu yalikuwa yanarushwa kama matikiti. Mashine yangu ilisafiri kama mtu mwenye heshima zake, na mimi nikapanda daraja la tatu nikiwa na kikapu changu chenye mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Sina zaidi la kusimulia mpaka asubuhi, kwa sababu nililala, na nikilala silali kwa mchezo.

Dodoma

Dodoma tulikaa sana. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka upande wa Tabora na reli ni moja, lazima tupishane. Nikasema vizuri, ndio wakati wa kula. Nikaweka kikapu mapajani na kumenya yai la kwanza.

Wakaanza kupanda abiria wa Dodoma. Akaingia mama mmoja mrefu, kajitanda khanga mbili, kabeba furushi la karanga, akaja moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu, magoti kwa magoti. Nikainua macho. Mama mkwe.

Alikuwa ametoka kumsalimia mwanawe Dodoma, anarudi kwake Ikungi. Nyinyi wa kwetu hapo mmeshanielewa. Lakini daftari hili huenda likasomwa na mgeni, basi nieleze. Kwetu mwanamume hakai magoti kwa magoti na mama wa mkewe, hamtazami usoni, na kula mbele yake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Naye vilevile ananistahi. Alipotambua ni mimi alivuta khanga ikamfunika uso, akageukia dirisha.

Nikasimama na yai mkononi, nikainama, nikatazama sakafu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Nikaliacha yai, nikakiacha na kikapu chini ya kiti, nikatoka mbio kati ya watu.

Sasa, abiria waliokuwa pale walikuwa wa Kigoma na wa Mwanza, na wawili wa Moshi. Walichoona ni bibi kaingia, mwanamume kamwona, kashtuka, kakimbia, na bibi kajifunika uso. Jamaa mmoja mnene wa Moshi akanikamata ukosi pale mlangoni.

"Umemchukulia nini huyu mama?"

"Sijachukua kitu. Niachie nipite."

"Mbona unakimbia? Mama, angalia furushi lako. Huyu tunampekua."

Wakanipekua kweli. Mimi, Ntandu, mwenye nyumba ya bati Utemini, nimeinua mikono kama kibaka. Wakatoa stakabadhi yangu ya mzigo, wakaisoma, wakainusa. Ndipo mama mkwe akasema kutoka ndani ya khanga yake, kwa sauti ya chini ambayo behewa zima liliisikia, "Mwacheni huyo. Ni mkwe wangu. Anakimbia kwa adabu."

Yule wa Moshi akaniachia. "Kwenu adabu ina mbio hivi?"

"Sisi tunayo," nikamwambia. "Nyinyi nendeni mkaitafute."

Nikatembea mpaka mwisho wa treni, kwenye behewa la mizigo. Karani wa pale, baada ya kusikia masaibu yangu, alicheka mpaka akakohoa, akaniruhusu nikae mlangoni, miguu nje, karibu na kasha langu. Njaa ilikuwa inanikwangua. Nikajiambia, safari hii imeharibika.

Bahi

Mtasikia ilivyoharibika.

Tulifika Bahi jua limepita utosini. Karani akateremka na makaratasi yake, na hapo nje alikuwa amesimama mkulima mmoja wa mpunga na vijana wake wanne na mkokoteni. Alikuwa anangojea pampu ya maji, nayo iko ndani ya kasha. Kasha refu, la mbao nyeupe. Vijana wakapanda, wakatazama, wakashika la karibu. Lilikuwa langu.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. "Hilo wekeni chini."

"Mzee, tumetumwa kasha la mashine, na hii ni mashine. Tumeisikia inagonga ndani."

"Hata mimi nikitikiswa nagonga ndani. Wekeni chini."

Yule mkulima akapanda mwenyewe. Mtu mpole tu, tena mwenye haraka, maana treni haikai Bahi. Tukabishana. Nikachukua nondo ya karani, nikabandua ubao mmoja, nikamwonyesha ule mkono wa chuma. "Hii inapampu maji?"

Akachungulia. "Hii inapampu nini?"

"Alizeti."

Akacheka, akaniomba radhi, wakatafuta pampu yao ikaonekana nyuma ya magunia ya nguo, na wakashuka nayo treni ikiwa tayari inatembea.

Sasa nawauliza nyinyi wenye hesabu. Kama mama mkwe asingepanda Dodoma, mimi ningekuwa wapi saa ile? Ningekuwa behewa la tano, tumbo limejaa mayai, nasinzia. Na mashine yangu ingekuwa shambani Bahi, watu wanaishangaa mbona haitoi maji. Mnaona mambo yangu yanavyokwenda?

Saranda

Tatizo la mtu mwenye nyota ni kwamba akishapata moja anadhani dunia nzima imemfanyia njia.

Aliyewahi kupita Saranda kwa treni anajua kuku wa pale. Kina mama wanakimbia na masinia kichwani kabla magurudumu hayajasimama. Mimi tangu jana jioni sijaweka kitu mdomoni. Kikapu changu kiko chini ya magoti ya mama mkwe, na hata nikimtuma mtu, mama yule atajua kinaletewa nani na cha nini. Nikashuka.

Nikamwita mama mmoja. Akanipa mguu. Nikaona mguu mwembamba, nikataka paja. Paja lilikuwa chini kabisa ya sinia, akaanza kupanga upya vipande vyote.

"Mama, haraka, treni."

"Treni hii naijua kuliko wewe. Haijapiga honi."

Haikupiga honi. Iliondoka kimyakimya, kama mgeni aliyekula akashiba. Nikasikia minyororo ya mabehewa, nikageuka, nikaona mlango niliokuwa nimekaa unapita. Nilikimbia, sikatai. Nikakimbia na paja la kuku mkononi mpaka kandambili ikakatika. Madirishani watu walinishangilia, yule wa Moshi akiwa wa kwanza. Na kwenye dirisha moja nikaona khanga mbili zimegeukia upande wangu, kisha zikageuka haraka upande mwingine.

Nilisimama relini. Treni ikaanza kuukwea mlima kuelekea Manyoni. Stakabadhi ninayo mfukoni. Mashine iko ndani ya behewa, na behewa likipita Manyoni bila mtu wa kuonyesha stakabadhi, linaendelea Itigi, Tabora, mpaka Kigoma ziwani. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasoro. Jumamosi asubuhi kina mama wa Unyambwa wataninyooshea shingo barabarani.

Paja lile nililila. Niseme ukweli, nililila nikiwa nalia kidogo, na lilikuwa tamu.

Manyoni

Nilipata lori la mbuzi. Dereva alinihurumia, akaniweka nyuma na mbuzi wake. Mbuzi mmoja akala ukingo wa shati langu njia nzima na sikumzuia, maana sikuwa na moyo wa kugombana na yeyote. Nilifika stesheni ya Manyoni jua linaelekea kuzama. Treni ilikuwa imeshaondoka.

Uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa katikati yake kulikuwa na kasha refu la mbao nyeupe, na juu ya kasha amekaa mama mrefu mwenye khanga mbili.

Mpagazi mmoja akanijia akicheka tangu mbali. Mgogo, anaitwa Ndahani. Wagogo na sisi tunataniana, kwa hiyo nilijua huruma sipati. "Wewe ndiye yule Mnyaturu aliyeuza mashine kwa paja la kuku?"

Alinieleza. Treni iliposimama, mama mkwe aliteremka na furushi lake, akaenda behewa la mizigo, akamwambia karani, "Nishushie mashine ya mkwe wangu." Habari za mashine alikuwa nazo kwa binti yake, mke wangu, ambaye hafichi kitu. Karani akasema bila stakabadhi hashushi, na hakukosea. Mama akauliza stakabadhi iko wapi. Akaambiwa anayo mwenyewe. "Mwenyewe yuko Saranda anakula," akasema, akapanda ndani ya behewa, akakaa juu ya kasha. "Basi tupelekeni wote wawili Kigoma." Karani akamsihi, mkuu wa treni akamsihi. Mwishowe wakalishusha kasha, wakamwekea na sharti: asimpe mtu yeyote asiye na stakabadhi. Akakubali. Tangu hapo hajanyanyuka hata kunywa maji.

Pembeni ya uwanja lilikuwepo lori la Singida, la dereva Msukuma aitwaye Masanja. Alikuwa anakunywa chai. Akaniambia, "Nina nafasi ya kitu kimoja tu. Ama kasha lako, ama kitanda cha yule mwalimu. Nikimaliza kikombe hiki nafunga turubai, na alfajiri naondoka."

Kikombe kilikuwa nusu.

Sasa fikirieni. Mashine yangu ile pale, hatua ishirini. Na siwezi kwenda. Nitamsogeleaje mama mkwe, ameketi, nimnyanyue? Nikasimama mbali, nimempa mgongo, nikamwambia Ndahani, "Mpelekee mama stakabadhi hii. Mwambie namshukuru, na namwomba radhi kwa usumbufu."

Ndahani akaenda, akainama. "Mama, mkweo anasema kuku wa Saranda hawakumtosha, una karanga?"

"Ndahani!" nikamkemea kutoka kule nilikosimama.

"Mimi ni tarishi tu. Usigombe na tarishi."

Mama mkwe akasema, "Mwambie karanga zipo. Stakabadhi kwanza."

Ndahani akarudi kwangu, stakabadhi kaitia mfukoni mwake. "Mama anasema haamini Mnyaturu anaweza kuwa na karatasi. Anataka uape kwamba Wagogo ndio waliokufundisheni kufuga ng'ombe."

Nikamtazama Masanja. Alikuwa anainua kikombe, anakizungusha, anatazama majani ya chai yaliyobaki. Mwalimu mwenye kitanda alikuwa amekwisha kuvua koti.

"Wagogo ndio waliotufundisha kufuga ng'ombe," nikasema.

"Sijasikia."

Nikasema kwa sauti kubwa, stesheni nzima isikie. Mungu anisamehe, na nyinyi pia. Ndahani akapiga makofi, akaenda, akamkabidhi mama stakabadhi kwa mikono miwili, na safari hii kwa adabu zote. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, akaikunjua, akaitazama pande zote mbili kwa muda, akaikunja. Kisha akanyanyuka.

Ndahani na wenzake walilipandisha kasha kwenye lori kabla Masanja hajaweka kikombe chini, nao hawakunidai hata kinywaji. Mwalimu alivaa koti lake.

Mpaka Unyambwa

Alfajiri mama mkwe alikaa mbele na dereva, mimi juu ya mizigo, kila mtu mahali pake. Vumbi la njia ile mnalijua. Tulipopita Issuna tairi likapasuka. Masanja hakuwa na jeki, ikabidi tungoje lori jingine lenye jeki, na jua likapanda na mimi nikawa natembea kulizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Nilihesabu kila saa. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na Masanja.

Ikungi mama mkwe akateremka. Alimwambia Masanja, huku amegeukia njia ya kwake, "Mwambie baba huko juu, kikapu chake nimekiacha kwenye kiti. Mayai hayakuguswa." Akaenda zake na furushi kichwani, na mimi nikainamisha kichwa mpaka alipopotea.

Tulifika Unyambwa saa tano. Lori la mnunuzi lilikuwepo. Mizani imening'inia, kijana mmoja wa mnunuzi ana kalamu sikioni, na magunia mawili yameshapandishwa. Wanawake wamesimama mstari. Waliponiona hakuna aliyeshangilia. Mama Zaituni akatazama kasha, akatazama jua.

"Umechelewa, Mzee Ntandu."

"Nimefika Jumamosi. Nilisema Jumamosi."

Kwa nini lori lilikuwa bado halijaondoka? Sikilizeni. Kijana yule alipotia mkono kwenye magunia ya Mama Zaituni alfajiri, alisema alizeti yake ina unyevu, haipimi mpaka ianikwe. Mama Zaituni akaimwaga yote juu ya turubai, juani, na wenzake wakakataa kupimiwa kabla yake. Wenye yale magunia mawili tu ndio walioshindwa kungoja.

Nikafunga mashine kwenye kisiki cha mgunga kwa misumari ya inchi sita. Nikachota alizeti kwenye gunia lililokuwa karibu, nikamimina, nikaning'inia kwenye ule mkono wa chuma. Ikatoka pumba. Nikasukuma tena. Pumba. Hata tone moja la mafuta halikutoka.

Kijana wa mnunuzi akasema, "Mzee, hii umeleta mashine ya chakula cha kuku." Wanawake wakacheka kile kicheko cha kuumia. Mmoja akainama akaanza kufunga gunia lake tayari kwa mizani.

Mama Zaituni hakucheka. Alikwenda kwenye turubai, akachota alizeti yake kwa mikono yote miwili, akaja akaimimina yeye mwenyewe. Ilikuwa ya moto kama majivu, imelala juani tangu kuchomoza. Nikaning'inia. Mkono wa mashine ukawa mzito, ukakataa, ukashuka, na kwenye kile kimfereji cha chini likatoka tone, likafuata la pili, halafu uzi mwembamba wa manjano ukaingia ndani ya sufuria bila kukatika.

Alizeti baridi haikamuki vizuri, sasa mnajua. Mimi nilikuwa sijui. Aliyeipasha moto ni mnunuzi mwenyewe, kwa kuikataa. Na kama tairi lisingepasuka Issuna ningefika saa tatu, nikaikuta bado ya ubaridi, nikaaibika mbele ya watu wote. Hapo mtu aniambie sina nyota.

Mama Zaituni alichovya kidole, akaonja. Akampa jirani yake kidole kilekile, naye akaonja. Mstari wa mizani ukavunjika, wote wakaja kwenye kisiki, kila mmoja na kopo lake.

Kisha akamgeukia yule kijana mwenye kalamu sikioni. "Mwanangu," akasema taratibu, "yale mawili yaliyoko juu, tushushie."

Kijana akasema gunia likishapanda halishuki. Nikaachia mkono wa mashine, nikavua shati langu lililoliwa na mbuzi, nikapanda kwenye lori lake. La kwanza nililishusha mimi kwa mgongo wangu, na la pili vilevile.